Kilele cha 91 kipo, cha 3.1 kimepotea: kisa cha mwanafunzi wa sekondari na data ya miuoni

Kisa chenyewe

Mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 16 amejisomea fizikia ya chembe kwa zaidi ya mwaka mmoja. Modeli Sanifu anaijua kwa kichwa: kwaki sita, leptoni sita, bosoni zinazobeba kani, na Higgs iliyotangazwa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, tarehe 4 Julai 2012. Aliwahi kufungua kitabu cha nadharia ya kwantamu ya nyuga, akakwama kabla ya kumaliza sura ya kwanza, akakiweka pembeni. Kisha akafanya jambo la busara kuliko kung'ang'ana na kitabu hicho. Akapakua data halisi.

CERN huweka sehemu ya data zake wazi, bila malipo, kwa yeyote mwenye intaneti. Faili alilochukua lina matukio 100,000 ya migongano iliyorekodiwa na kigunduzi cha CMS mwaka 2010. Kila tukio lina miuoni mbili (chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi), na tungamo la kila jozi liko kati ya 2 na 110 GeV (elektroni-volti bilioni moja, kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo). Mstari mmoja wa faili ni tukio moja. Kwa kila miuoni kuna nishati E, vijenzi vitatu vya momentamu (px, py, pz), momentamu inayokingama na mkondo wa protoni (pt), pembe mbili (eta na phi), na chaji Q. Safu ya mwisho, M, ni tungamo la jozi lililokwisha kukokotolewa.

Mpango wake ulikuwa mzuri: aiache safu ya M, akokotoe tungamo la kila jozi mwenyewe, achore histogramu, kisha atafute vilele vitatu, kila kimoja cha chembe zinazovunjika kuwa miuoni mbili. Cha kwanza ni J/psi kwenye 3.1 GeV, cha pili familia ya Upsiloni kuanzia 9.46, na cha tatu Z kwenye 91.2.

Z ilijitokeza safi kabisa. Upsiloni ikawa mwinuko mnene usio na ncha. J/psi, ambayo ndiyo ingepaswa kuwa kilele kirefu kuliko vyote, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na uwanda uliotambaa kutoka karibu na sifuri hadi 6 GeV, na seli nyingi za safu yake zilionyesha alama ya kosa badala ya namba. Alipochora safu ya M ya faili lenyewe, kilele cha 3.1 kilikuwepo, tena kirefu.

Maelezo aliyojiandikia yalikuwa mawili. Kwanza, kwamba CMS ilijengwa kwa ajili ya chembe nzito, kwa hiyo haizioni vizuri zile nyepesi. Pili, kwamba wataalamu wameirekebisha safu ya M kwa njia ambayo mtu wa nje hawezi kuirudia. Maelezo yote mawili si sahihi, na la pili lina madhara zaidi, kwa sababu linamfundisha kijana kwamba fizikia hii ni ya watu wengine.

Maswali mawili kabla ya kugusa lahajedwali

Kabla ya kutafuta kosa kwenye jedwali, ni lazima kujua kama kosa liko kwenye namba au kwenye uelewa. Maswali mawili yanatosha kupima hilo.

La kwanza: miuoni huishi kwa wastani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde, yaani mikrosekunde 2.2. Nyingi huzaliwa angani kwenye kimo cha kilomita 15 hivi. Zinafikaje ardhini?

Mwanafunzi alijibu kwa neno moja, "uhusianifu". Ni kweli, lakini ni jina tu. Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa kasi ya mwanga, kilomita 15 ni mikrosekunde 50, yaani mara 23 ya umri wa wastani wa miuoni. Kama saa ya miuoni ingekwenda sawa na yetu, sehemu ambayo ingefika ni e kwa kipeo cha −23, kama moja katika bilioni 10. Sasa chukua miuoni yenye nishati ya 4 GeV. Tungamo lake ni 0.1057 GeV, kwa hiyo gama yake, yaani mara ambazo umri wake unarefuka tukiutazama sisi, ni 4 ÷ 0.1057, karibu 38. Kwa wastani inasafiri mita 659 (kasi ya mwanga mara umri wake) mara 38, ambazo ni kilomita 25, kabla ya kuvunjika. Sehemu inayofika ni e kwa kipeo cha −0.6, zaidi ya nusu. Kwa uhalisia miuoni hupoteza kama 2 GeV ikikata anga, kwa hiyo hesabu kamili inahitaji nishati kubwa zaidi mwanzoni, lakini umbo la jibu ni hilo.

La pili: kwa nini fotoni moja haiwezi kugeuka kuwa elektroni na pozitroni katika ombwe tupu, hata ikiwa na nishati tele? Hapa alisema nishati haitoshi. Nishati inatosha, kinachokosekana ni tungamo. Elektroni na pozitroni kwa pamoja zina tungamo la jozi lisilopungua 1.022 MeV (MeV 1,000 ni GeV 1), na fotoni moja ina sifuri. Tungamo hili halibadiliki, hata uangalie kutoka kwenye chombo kinachokimbia vipi. Ndiyo maana fotoni huhitaji kiini cha atomi jirani cha kupokea sehemu ya momentamu.

Majibu haya yanaonyesha mahali pengo lilipo. Mwanafunzi ana msamiati wa fizikia ya chembe, lakini hajazoea kuweka hesabu ya nishati na momentamu kama mweka fedha anavyoweka daftari. Hilo halihitaji hisabati ya chuo kikuu. Linahitaji mlinganyo mmoja uzoeleke mkononi, E² = p² + m², huku kasi ya mwanga ikihesabiwa kuwa 1, ili nishati, momentamu na tungamo zote zipimwe kwa GeV. Kwa jozi ya chembe unajumlisha kwanza, halafu unatoa:

M² = (E1 + E2)² − (px1 + px2)² − (py1 + py2)² − (pz1 + pz2)²

Jaribio lake la kwanza kabisa lilikuwa kujumlisha E1 + E2 na kuiita jumla hiyo tungamo. Ilitoka kama kilima kimoja kipana bila kilele chochote. Hilo alilitambua na kulirekebisha mwenyewe, na fomula aliyoitumia baadaye ndiyo hii hapa juu. Ilikuwa sahihi, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu: fomula sahihi, data sahihi, jibu bovu.

Mstari mmoja kwa mkono

Njia ya haraka ya kukamata kosa la namna hii ni kuachana na mistari 100,000 na kuushika mmoja. Tuchukue jozi ya mfano yenye namba nyepesi. Miuoni ya kwanza ina pt 12.0, eta 0.50 na phi 1.00. Ya pili ina pt 9.0, eta 0.70 na phi 1.22. Vijenzi vinapatikana hivi: px ni pt mara kosini ya phi, py ni pt mara sini ya phi, na pz ni pt mara sinh ya eta, yaani nusu ya tofauti ya e^eta na e^−eta.

Miuoni ya kwanza: E = 13.5319, px = 6.4836, py = 10.0977, pz = 6.2531.
Miuoni ya pili: E = 11.2970, px = 3.0928, py = 8.4519, pz = 6.8273.

Jumla ya nishati ni 24.829, na mraba wake ni 616.48. Miraba ya jumla za momentamu ikijumlishwa inatoa 606.89. Tofauti ni 9.59, na kipeuo chake cha pili ni 3.096. Hiyo ni J/psi, ambayo tungamo lake lililopimwa ni 3.097 GeV.

Sasa rudia hesabu ileile, ila kila namba ibaki na nafasi moja tu ya desimali. Nishati inakuwa 13.5 + 11.3 = 24.8, px inakuwa 9.6, py inakuwa 18.6, na pz inakuwa 13.1. Mraba wa nishati ni 615.04, na miraba ya momentamu ikijumlishwa ni 609.73. Inabaki 5.31, na kipeuo chake ni 2.30.

Kutoka 3.10 hadi 2.30, kwa kukata tarakimu ambazo macho yaliziona si za maana.

Hicho ndicho kilichotokea kwenye faili la mwanafunzi. Alipolifungua kwenye lahajedwali, namba zilikuwa ndefu na safu zimebanana, akazipanga zionyeshe desimali moja. Hapo bado hakuna kilichoharibika, kwa kuwa mpangilio wa kuonyesha hauigusi namba iliyo ndani ya seli. Kisha akahifadhi faili upya kama CSV na kulifunga. Programu za lahajedwali zinazotumiwa na wengi, zikihifadhi CSV, huandika namba kama inavyoonekana kwenye skrini. Kesho yake alipolifungua tena, 13.5319 ilikuwa 13.5, na tarakimu zilizobaki hazirudi tena. Dawa ni moja: kupakua faili upya, kuliweka asili bila kuligusa, na kufanyia kazi nakala.

Seli zenye alama ya kosa nazo zinaeleweka sasa. Jozi yenye nishati ya jumla ya 60 GeV na tungamo la 3.1 ina E² ya 3,600 na M² ya 9.6 tu. Ni sawa na kupima uzito wa barua kwa kupima lori likiwa na barua, halafu likiwa halina. Kosa dogo kwenye lori linaimeza barua. Ukikata hadi desimali moja, M² inayumba kwa kiasi cha 7 hivi kwa jozi kama hiyo, na mara kadhaa itaangukia chini ya sifuri. Kipeuo cha pili cha namba hasi hakipo katika namba halisi, ndiyo maana lahajedwali linalalamika.

Kwa nini Z ilinusurika

Hili ndilo swali lililompotosha, na ndilo lenye fizikia nzuri kuliko yote katika kisa hiki. Kama namba zote zilikatwa kwa kipimo kilekile, mbona kilele kimoja kilibaki safi na kingine kikafutika?

Jibu liko kwenye uwiano wa E kwa M. Ukikosea E ya jumla kwa kiasi kidogo, M hukosewa kwa kiasi hicho mara E ÷ M. Z inayozalishwa kwenye LHC, kigonganishi cha protoni cha CERN, mara nyingi haina kasi kubwa ya kukingama, na miuoni zake hutoka karibu zikielekea pande zinyume. Hata ikiwa na nishati ya jumla ya 200 GeV, E ÷ M ni 2.2 tu, na ukungu unaoletwa na desimali moja ni kama 0.12 GeV. Kwa kilele chenye upana wa 2.5 GeV, hakuna atakayeuona.

J/psi ni nyepesi. Ili miuoni zake zipite kwenye sumaku na chuma cha CMS mpaka zitambulike, ni lazima yenyewe iwe inakimbia, na miuoni mbili hutoka zikiwa zimeelekea karibu upande mmoja. Katika mstari wa mfano E ÷ M ni 8. Kosa la 0.1 kwenye nishati ni 0.8 kwenye tungamo, na tofauti kati ya 3.10 na 2.30 ni ya kiasi hicho. Ukungu wa wastani kwa jozi kama hii ni karibu 0.5 GeV, wakati CMS yenyewe hupima kilele hiki kwa umakini wa asilimia 1 hivi, yaani kama 0.03 GeV. Kigunduzi kilifanya kazi yake vizuri sana. Kazi hiyo ilifutwa wakati wa kuhifadhi faili.

Tabia ya kujiuliza "ni jozi za aina gani zimeharibika?" inastahili kufundishwa mapema kuliko hata majina ya kwaki. Kosa kwenye uchambuzi huacha alama ya vidole, na alama hiyo husomwa kwa fizikia ileile unayoisoma.

Fomula ya pili, na kosa lililokuja nayo

Baada ya kupata faili jipya, mwanafunzi alielekezwa kwenye fomula nyingine inayotumia pt, eta na phi moja kwa moja:

M² = 2 × pt1 × pt2 × (cosh(eta1 − eta2) − cos(phi1 − phi2))

Hapa cosh x ni wastani wa e^x na e^−x, na yeyote aliyekwisha kusoma vipeo anaweza kuikokotoa. Eta si pembe ya kawaida: ni hasi ya logi asilia ya tanjiti ya nusu ya pembe kutoka kwenye mkondo wa protoni. Eta ya 0 ni nyuzi 90, eta ya 1 ni nyuzi 40 hivi, na eta ya 2.4 ni nyuzi 10.4, karibu kabisa na mkondo wenyewe.

Fomula hii hupuuza tungamo la miuoni. Kwa jozi yetu ya mfano inatoa 3.089 badala ya 3.096, pungufu kwa 0.007 GeV, kiasi kisichoonekana kwenye histogramu. Faida yake ni kwamba haiondoi namba kubwa kutoka kwenye namba kubwa nyingine. Hata ukikata phi hadi desimali moja, utapata 2.94, na si 2.30.

Alipoitumia, J/psi ilishuka na kutawanyika kuzunguka 2, na Z ikatoweka kabisa. Alama ya vidole ni tofauti na ile ya kwanza, kwa hiyo na chanzo ni kingine. Aliona phi zake ziko kati ya −3.14 na 3.14 lakini, kwa mazoea ya darasani, akazichukulia kuwa nyuzi, akazigeuza kuwa radiani kwa mara ya pili. Jozi ya Z yenye pt 45 kila upande, eta sawa na tofauti ya phi ya radiani 3.0 ina tungamo la 89.8. Ukizihesabu 3.0 kama nyuzi, kosini inaruka kutoka −0.990 hadi +0.9986, na tungamo linaporomoka hadi 2.36. Miuoni zilizopishana kwa pande mbili zinyume zimegeuzwa kuwa zinakwenda sambamba. Jozi za J/psi, ambazo tayari zilikuwa karibu karibu, zinaumia kidogo tu: ile ya mfano inakwenda 2.08.

Kikokotoo cha mkononi kina mtego huohuo. Kabla ya lolote, andika cos(3). Ukipata namba hasi uko kwenye radiani.

Histogramu inavyochorwa ili ionekane

Makosa mawili yalipoisha, vilele vyote vilikuwepo, lakini mchoro wake wa kwanza ulikuwa bado unavificha. Alitumia pau zenye upana wa 5 GeV kuanzia 0 hadi 110. Kwa upana huo J/psi ni pau moja ndefu, na Upsiloni zote tatu zimezama kwenye pau mbili pana. Hakuna upana mmoja unaofaa mchoro mzima. Dirisha la 2 hadi 5 GeV linahitaji pau za 0.02 au 0.03. Dirisha la 8 hadi 12 linahitaji 0.05, ndipo Upsiloni ya 9.46 ianze kujitenga na wenzake wa 10.02 na 10.36. Dirisha la 60 hadi 110 linatosha pau za 1 GeV. Ukitaka picha moja ya yote, chora logi ya M.

Machujio mawili yanafaa. Kwanza chaji: J/psi, Upsiloni na Z hazina chaji, kwa hiyo zikivunjika kuwa miuoni mbili, moja ni chanya na nyingine hasi. Chagua mistari ambayo Q1 × Q2 ni −1. Ile ya chaji zinazofanana usiitupe. Ichore kwa rangi nyingine, maana inakupa picha ya miuoni zilizokutana kwa bahati bila mzazi mmoja. Pili ubora: safu ya aina ina herufi G kwa miuoni iliyoonekana kwenye vifuatilia njia vya ndani na pia kwenye vyumba vya nje vya miuoni. Ukibakiza zenye G mbili unapoteza matukio, lakini unaondoa takataka.

Sasa tazama upana wa vilele, kwani hapo ndipo data inaposema jambo ambalo jedwali la Modeli Sanifu halisemi. Upana wa asili wa Z ni 2.495 GeV. Gawanya 6.58 × 10^−25 (kiwango cha Planck kilichogawanywa kwa 2π, kwa GeV mara sekunde) kwa upana huo na unapata umri wa Z: sekunde 2.6 × 10^−25. Kwa sehemu kubwa, unachokiona kwenye 91 ni umri wa chembe umechorwa kama upana. J/psi ina upana wa asili wa sehemu 93 za milioni ya GeV, mara mamia ndogo kuliko kilele unachokiona. Upana unaouona kwenye 3.1 ni wa kigunduzi tu. Umri wake ni sekunde 7 × 10^−21, mara maelfu ya ule wa Z.

Wembamba huo ndio uliowashtua wanafizikia Novemba 1974, chembe hii ilipotangazwa kwa wakati mmoja na makundi ya maabara mbili za Marekani, la Burton Richter huko SLAC na la Samuel Ting huko Brookhaven, na ndiyo maana ina majina mawili. Kundi la Brookhaven lilifanya kile alichokifanya mwanafunzi huyu: lilipima jozi, za elektroni na pozitroni, likakokotoa tungamo la kila jozi, likachora histogramu. Chembe nzito kiasi hicho ilitarajiwa kuvunjika upesi zaidi. Ilibainika kuwa ni kwaki mpya, chamu, imefungana na kinyume chake.

Kuhusu kitabu kilichowekwa pembeni

Aliuliza kama sasa arudi kwenye nadharia ya nyuga. Bado, na si kwa sababu ya umri. Kitabu hicho kinadhani msomaji amekwisha kumaliza kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriki, namba changamano, na mekanika ya kwantamu pamoja na spini. Kila ukurasa unaegemea hivyo vyote kwa pamoja, na msomaji anayevikosa hujiona mjinga bila kosa lake.

Kilicho karibu ni mazoezi ya migongano na mivunjiko kwa kutumia E² = p² + m². La kuanzia ni pioni iliyotulia ikivunjika kuwa miuoni na nyutrino. Matungamo ni 139.57 na 105.66 MeV, na la nyutrino ni dogo kiasi cha kuhesabiwa sifuri. Momentamu ya kila moja ni tofauti ya miraba ya matungamo hayo ikigawanywa kwa mara mbili ya tungamo la pioni, yaani 29.8 MeV. Nishati ya mwendo ya miuoni inatoka 4.12 MeV, daima ileile, kwa kuwa chembe mbili tu hazina namna nyingine ya kugawana. Kisha miuoni hiyo inavunjika kuwa chembe tatu, na nishati ya elektroni inayotoka haiwi moja tena. Anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa hesabu ameshaelewa kwa nini mwanafizikia Wolfgang Pauli alilazimika kupendekeza nyutrino mwaka 1930. Mazoezi 20 ya namna hii, pamoja na kijitabu cha matungamo na umri wa chembe kinachotolewa bure na Particle Data Group, yana thamani kuliko sura tatu za kusomwa juu juu.

Kinundu cha 3.69

Kwenye dirisha la 2 hadi 5, upande wa kulia wa J/psi, kuna kinundu kidogo karibu na 3.69. Baada ya yaliyompata, mwanafunzi alikidhania kuwa kosa jingine la tarakimu na akataka kukisawazisha kwa kupanua pau. Hilo lingekuwa kosa la kinyume: kufuta fizikia kwa hofu. Kuna chembe hapo, psi(2S), ndugu mzito wa J/psi, yenye tungamo la 3.686 GeV.

Lakini kujua kwamba ipo kwenye kijitabu hakuthibitishi kwamba ipo kwenye histogramu yako. Tuseme pau za jirani zina matukio 225 kila moja. Kuyumba kwa kawaida ni kipeuo cha pili cha 225, yaani 15, kwa hiyo pau moja yenye 255 imezidi kwa mara mbili tu ya kuyumba huko, na kwenye histogramu yenye pau 150 kadhaa zitafanya hivyo zenyewe. Jumlisha pau nne zinazokaliwa na kinundu. Kama zinatarajiwa 900, kuyumba ni 30. Ukihesabu 1,020, umezidi kwa mara nne. Hesabu hiyo aifanye kwa namba za faili lake, kwanza kwa jozi za chaji zinazopingana, kisha kwa zile zinazofanana, ambako kinundu hakipaswi kuonekana.